Tulivyopanda Kuta kwa Vidole

Jambo la kwanza nililouliza baada ya kuzinduka kwenye dawa ya usingizi ni mahali lilipopelekwa titi langu la kulia. Niliona ni swali la haki. Lilikuwa limenyonyesha watoto wawili, nilikuwa nimelala nalo na kuamka nalo tangu usichana, na hakuna aliyenipa nafasi ya kuagana nalo.

"Limechomwa," alisema muuguzi. Alikuwa mama mnene mzaliwa wa Kashozi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Bila padri?"

"Ulitaka misa ya wafu?"

Sauti nyembamba ilitoka kitanda cha jirani. Hapo alilala mama wa mtaa wa Bakoba, Mwislamu, muuza vitambaa sokoni Bukoba mjini, aliyekatwa titi la kushoto siku moja kabla yangu. "Dada," aliniambia, "kama wameyachoma pamoja, basi langu limekwenda na la Mkatoliki. Mume wangu nitamweleza nini?"

"Mwambie ndiyo siasa ya nchi," alisema muuguzi. "Kuishi pamoja."

Tulicheka wote watatu. Kwa sisi wawili wenye nyuzi mbichi kifuani, kicheko kile kiliuma kuliko kisu chenyewe, maana kisu tulikilalia usingizi.

Hiyo ilikuwa katika ile miaka ya vijiji vya ujamaa, mkoa wetu ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Mimi nilikuwa mjane mwenye kibanja cha migomba na kahawa upande wa Muleba. Shule niliacha darasa la nne. Yaliyobaki nilijifundisha kwa vitabu vya watoto wangu, kila walipopanda darasa wakaviacha nyumbani. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza kwa nini nilimsumbua sana yule muuguzi. Nilizoea kutokuamini jambo mpaka nimeona kanuni yake.

Kanuni alinipa asubuhi moja, akiwa amesimama kati ya vitanda vyetu. "Titi limekwenda," alisema. "Bega halikualikwa. Msiliache liende nalo."

Alitueleza hivi. Mwanamke akikatwa titi, ngozi ya kifuani na ya kwapani hubaki imekaza. Kwa hofu na kwa kujihurumia, huubana mkono ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa. Majirani huja kumpa pole na kumwambia apumzike. Anapumzika. Bega nalo linapumzika, na likishapumzika vya kutosha haliamki tena. Baadaye hawezi kuchana nywele, kuanika nguo wala kuvaa gauni bila kuitiwa mtu. Kwa hiyo tuanze na vidole: kufumba na kufumbua. Kisha kiwiko. Nyuzi zikitolewa, tusimame mbele ya ukuta, tuweke vidole juu yake, tuvitembeze kwenda juu kama buibui, mkono ukivifuata.

"Mpaka wapi?" niliuliza.

"Mpaka panapovuta. Pakivuta simama hapo, pumua, kisha shuka polepole. Pakikuchoma kama kisu, ujue umevuka mpaka."

"Na nitajuaje kama naendelea mbele?"

"Weka alama ukutani, waitu, mwenzetu! Au unataka nije Muleba kukupigia makofi?"

Nilirudi nyumbani na mkono uliokuwa unafika usawa wa kidevu. Ukipita hapo, kitu kilivuta kutoka kwapani mpaka kwenye kiwiko, kama kamba nyembamba iliyofungwa ndani ya ngozi. Muuguzi alikuwa ametuonya kuhusu kamba hizo, kwa hiyo sikuogopa. Niliyemwogopa alikuwa shemeji yangu.

Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu. Kibanja chake kilipakana na changu, na tangu tulipozika kaka yake alikuwa akiutazama mpaka ule kama mtu anayetazama nguo aliyoshonewa ndogo. Alikuja siku ya pili ya kurudi kwangu, akaketi, akakubali kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akanywa kwa utaratibu.

"Pole, shemeji."

"Asante."

"Kibanja kinataka mikono miwili."

"Ninayo miwili."

"Mmoja naona uko likizo."

Nikamwambia likizo ina mwisho. Akatikisa kichwa kwa huruma iliyokuwa imeandaliwa tangu nyumbani kwake. Alisema ameshaongea na baba mkubwa, yaani mzee wa ukoo. Kahawa ikiiva, ukoo utakuja kuona. Nikiweza kuvuna kwa mkono wangu, hawana neno. Nikishindwa, kibanja kirudi kwenye ukoo, yeye akitunze, na mimi nitunzwe.

"Kwa nini unihangaikie hivyo?"

"Ni upendo, shemeji."

"Upendo wa ekari ngapi?"

Alimaliza rubisi kabla ya kukasirika, jambo ambalo nililihesabu kuwa busara yake pekee.

Msomaji wa leo atauliza kwa nini nisingemlipa kibarua anivunie. Ni kwa sababu ya balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu alikuwa mtu mfupi, mwepesi, mwenye redio, na kila alichosikia redioni kilifika kwetu kabla betri hazijapoa. Kumlipa mtu akufanyie kazi ya shambani kulikuwa unyonyaji. Jirani mmoja aliyemwita mpwa wake kuja kumkatia migomba alisimamishwa mkutanoni na kuulizwa kama yeye ni kabaila. Alikuwa na mbuzi mmoja na suruali moja. Mimi kibarua nisingethubutu. Na kahawa yetu, kama mjuavyo, ni miti mirefu ya tangu enzi za mababu. Unalinasa tawi kwa kingoe, ule mti wenye ndoano, unalivuta chini kwa mkono mmoja na kuchuma kwa mwingine. Mkono unaoishia kidevuni hauvuni kitu.

Basi nilianza kupanda ukuta.

Nyumba yangu ilikuwa ya udongo, imepigwa lipu na kupakwa chokaa upande mmoja tu, ule unaotazama njia, kwa sababu mume wangu aliamini kwamba hakuna haja ya kupendeza upande usioonwa na watu. Ukuta laini ulikuwa huo huo. Kila asubuhi nilisimama mbele yake, nikatembeza vidole, nikasimama panapovuta, nikapumua, nikachora mstari wa mkaa, nikashuka. Bibi mmoja mpita njia alifanya ishara ya msalaba. Mwingine alinong'ona kwa mwenzake kwamba maskini, wamemkata titi akili ikatokea hapo hapo.

Wakati huo huo nilikuwa na tatizo la pili, la uzani. Titi lililobaki lilinivuta upande wa kushoto, na gauni upande wa kulia lilining'inia kama mfuko uliotolewa chumvi. Mama wa Bakoba alikuwa amenishauri pamba, lakini pamba ni nyepesi. Nikitembea ilipanda mpaka shingoni. Kitabu cha sayansi cha darasa la saba kilieleza kwamba kitu kikizamishwa majini humwaga maji yanayolingana na ukubwa wake. Nilijaza beseni mpaka ukingoni, nikaliweka ndani ya sinia, nikafunga mlango, nikainama. Maji yaliyomwagika niliyamimina kwenye kopo. Kopo nililining'iniza upande mmoja wa fimbo iliyofungwa kamba katikati, na upande wa pili nikaning'iniza kopo jingine, nikalijaza ulezi mpaka fimbo ikatulia. Ulezi ule niliushonea mfuko wa kitambaa. Sijui kama mwandishi wa kitabu alikusudia matumizi hayo, lakini kifua kililingana, na nilipokwenda kanisani Jumapili nilipita katikati bila kuyumba.

Balozi alikuja mwishoni mwa wiki. Alisimama nyuma yangu nikiwa nimefika usawa wa pua.

"Ndugu mama, hii mistari ni ya nini?"

"Ni mazoezi ya bega, ndugu balozi. Ya hospitali."

"Imeagizwa na hospitali?"

"Ndiyo."

"Hospitali ya Bukoba?"

"Huko huko. Lakini ni kwa wagonjwa waliokatwa kama mimi."

Alitazama mistari, akatazama njia kuelekea Muleba. Nilijua anawaza nini. Katika ukaguzi wa vyoo, nyumba zetu kumi zilikuwa za mwisho, na balozi aliitwa mbele akapewa maneno. Kabla ya hapo ilikuwa kuchemsha maji, na kabla ya hapo muhogo wa akiba. Kila kampeni ilimkuta amelala. Sasa hapa palikuwa na jambo lililotoka Bukoba, lenye mistari ukutani, na vijiji vingine havijalipata.

"Kwa nini tusubiri mpaka tukatwe?" aliniuliza.

Nilimweleza tena, kwa utaratibu, kwamba bega lisilougua halina haja. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua inyeshe iishe. Jioni ile alipita nyumba zote kumi. Kuanzia Jumatatu, kabla ya kwenda shamba, kila mtu mzima atapanda ukuta kwa vidole, mkono wa kulia kisha wa kushoto, na kuchora mstari.

Sitasahau Jumatatu ile. Nilitoka nje na kope nzito, nikaona kwenye kila nyumba iliyoonekana kati ya migomba mtu amesimama kakabili ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mwanamume mmoja alipanda huku kiko kikiwa mdomoni. Mwingine aliuliza kwa sauti kama akipanda kwa niaba ya mke wake inatosha kwa wote wawili. Bibi aliyekuwa bado anaishi katika msonge, nyumba ya nyasi inayoanzia chini na kuishia juu bila ukuta wowote, alilalamika kwamba serikali imemsahau. Balozi alimwambia apande nyasi. Alipanda, vidole vikazama kwenye ezeko, vikatoka na ugoro ambao mume wake alikuwa ameapa kwamba ameuacha. Nyumba ile walipiga kelele mpaka saa ya chakula.

Shemeji alikataa. "Ukuta wangu haupandwi na mtu," alisema.

"Ndugu," balozi alimwambia, mbele yetu, "unapinga maendeleo?"

Neno hilo lilikuwa zito siku zile. Shemeji alipanda ukuta, uso umefura, akachora mstari mnene kama wa kukatia mbao. Mimi nilifurahi kwa sababu moja ya msingi: asingeweza tena kuwaambia watu kwamba shemeji yake amerukwa na akili. Kama nimerukwa, tulirukwa kijiji kizima.

Lakini mkono wangu ulikwama. Mistari ilipanda mpaka usawa wa nyusi, kisha ikaanza kuandikwa mmoja juu ya mwingine mpaka ikawa doa. Kahawa ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nilipanda basi kwenda Bukoba siku ya kuonwa na daktari, nikamweleza muuguzi. Alinisimamisha mbele ya ukuta wa wodi.

"Panda."

Nikapanda.

"Mawe!" alimaka kwa Kihaya. "Unamdanganya nani? Ukuta?" Alinishika kiuno kwa mkono mmoja na bega kwa mwingine. "Unainua bega mpaka sikioni na kuegemea nyuma kama mlevi. Mkono haujaenda popote, ni mwili uliohama. Shusha bega. Simama wima. Sasa panda."

Nikapanda kwa haki, nikaishia kidevuni. Mistari yangu yote iliyokuwa juu ya hapo ilikuwa ya uongo. Nilijisikia kama mtu aliyegundua kwamba mizani yake ina jiwe chini.

Mama wa Bakoba naye alikuwepo siku hiyo. Mkono wake ulikuwa unapita juu ya kichwa. Nilimuuliza siri.

"Siri gani, dada? Nimetupa kanga juu ya boriti ya mlango. Ncha moja mkono mzima, ncha nyingine mkono mgonjwa. Mzima ukivuta chini, mgonjwa unapanda wenyewe. Nakaa kwenye kigoda, mashoga wanakuja, nawasema watu huku navuta. Siku nikikosa wa kumsema bega linakaza."

Muuguzi alikubali njia hiyo, bila masengenyo, akaniambia baadaye nigeuze kazi: mkono mgonjwa uvute, mzima upande. Na nikishazoea, nifunge kitu kwenye ncha ya pili, chepesi kwanza. Nisishindane na mtu. Nisiukate mkono wala kuuchoma, na ukivimba nije.

Nilirudi Muleba, nikafuta mistari ya uongo kwa kitambaa chenye maji, nikaanza upya kutoka kidevuni. Balozi aliponiona nafuta alikaribia kulia.

"Ndugu mama, unarudi nyuma! Wakija kukagua je?"

"Narudi kwenye ukweli, ndugu balozi."

"Ukweli uweke ndani. Nje weka mistari."

Jioni, ndani, nilitupa kamba ya mbuzi juu ya boriti. Kwa kuwa sikuwa na mashoga wa kuwasema watu, nilimsema shemeji peke yangu, kwa Kihaya, ambacho kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Bega lilianza kulegea. Ile kamba ya ndani ya kwapa iliyokuwa inavuta ililia siku moja kama uzi unaokatika, bila maumivu, na asubuhi yake vidole vilivuka nyusi kwa haki. Kisha niligeuza kazi, mkono mgonjwa ukavuta: kwanza kikapu kitupu, kisha kikapu chenye viazi, mwishowe kikapu chenye jiwe la kusagia la mama mkwe, Mungu amrehemu, ambaye alipokuwa hai hakuwahi kunisaidia kiasi hicho.

Bwana maendeleo wa wilaya alifika kutoka Muleba mjini kwa pikipiki, bila taarifa. Alizunguka nyumba kwa nyumba na balozi akimkimbilia pembeni. Alipofika kwangu watu walikuwa wameshakusanyika.

"Hii mistari ni maelekezo ya wapi?" aliuliza.

"Ya Bukoba, ndugu," alisema balozi. "Kupitia kwa mama huyu."

Nilimwona bwana maendeleo akitafuta kichwani mwake na asikute kitu. Asingeweza kusema hajui jambo lililofika kwa balozi wa nyumba kumi. "Aa," alisema. "Ndiyo. Ile ya mabega." Kisha akakunja uso. "Lakini mbona mstari wa huyu uko juu na wa yule uko chini? Katika ujamaa hakuna mstari wa juu na mstari wa chini. Chagueni mmoja, wote wafike hapo."

"Ndugu," nilisema, "bega langu halijasikia Azimio la Arusha. Linafika linapofika."

Watu walicheka na balozi akafumba macho. Bwana maendeleo akataka nimwonyeshe. Nikasimama ukutani, nikapanda, na nilipofika juu kabisa ya pale nilipowahi kufika, mshono wa mfuko wangu ukaachia. Ulezi ulianza kumwagika kutoka ndani ya gauni, taratibu, mpaka kwenye viatu vya mgeni wetu. Kuku wangu, ambao kwa kawaida hawaji wakiitwa, walikuja wote.

Nilibaki na mkono ukutani nikinyesha nafaka, kwa kuwa sikujua cha kufanya kingine.

Bwana maendeleo alitazama chini, akatazama kuku, akanitazama mimi. "Na akiba ya chakula pia mnatembea nayo," alisema. "Vizuri sana. Huu ni mfano."

Aliondoka. Baadaye tulisikia kwamba vijiji viwili vya jirani vimeanza kupanda kuta, na kimojawapo kwa miguu mitupu, sababu sikuipata. Habari za kubeba ulezi sikuzisikia tena, nashukuru.

Kahawa ikaiva. Ukoo ulikuja siku ya Jumamosi: baba mkubwa na wazee wengine wa nyumba ile. Balozi alikuja bila kualikwa, kwa niaba ya chama. Nilipiga magoti kumsalimu baba mkubwa, akaniitikia kwa upole, akaketi kwenye kigoda chake ambacho hukibeba mwenyewe.

Shemeji alichagua mti. Alichagua ule wa mpakani, mrefu kuliko yote, uliopandwa na baba yao. Nikachukua kingoe. Niliinua mkono wa kulia, bega chini, mgongo wima, kama nilivyofundishwa. Ulivuka sikio. Ulivuka utosi. Ndoano ikakamata, nikavuta, tawi likashuka, nikalishika na kuchuma.

"Anachuma kwa kushoto!" shemeji alisema. "Baba mkubwa, ni adabu hiyo? Kahawa ya marehemu baba kwa mkono wa kushoto?"

Nikabadilisha. Kushoto kukashika, kulia kukachuma, juu ya kichwa changu, punje kwa punje, mpaka tawi likabaki na majani.

"Hilo ni la chini," alisema shemeji. "Mtoto angelifikia. Avute lile la juu."

Baba mkubwa alinitazama. "Utaweza, mwanangu?"

"Nitajaribu, tata," nilisema, kama tunavyomwita baba kwetu.

Lile la juu lilikuwa nene. Nilinyoosha mkono mpaka kingoe kikabaki kimeshikwa kwa vidole, nikanasa. Niliona pale panapovuta, nikasimama, nikapumua. Kisha nilivuta kama ninavyovuta jiwe la mama mkwe kila jioni, sikuwaza zaidi ya hapo.

Tawi likavunjika.

Lilianguka kati ya miguu ya wazee pamoja na kahawa yake yote, mbivu na mbichi. Shemeji alitabasamu. Lakini aliyepaza sauti alikuwa balozi.

"Uharibifu! Hili ni zao la taifa! Sheria ya kijiji inasema anayevunja mti wa kahawa atalima shamba la kijiji wiki nzima. Ndugu mama, sina la kufanya. Bwana maendeleo ametusifu, hatuwezi kuanza kulegea sasa."

Baba mkubwa aliinama, akaliokota lile tawi, akaligeuza sehemu iliyovunjika. Mimi nilikuwa karibu. Ndani yake palikuwa na tundu la mdudu, jeusi, safi, limeliwa karibu mpaka upande wa pili. Aliliona, akaniona naliona. Akaliweka chini ya kigoda chake, sehemu ile ikielekea kwake.

"Lilikuwa tawi gumu," alisema.

Ndipo nikaona mlango. Nikapiga magoti tena. "Tata, naomba niulize jambo moja. Ndugu balozi anasema nitalima shamba la kijiji wiki nzima. Shemeji anasema mimi mgonjwa, siwezi kulima hata langu. Nitakubali lolote kati ya hayo. Lakini yote mawili pamoja hayawezekani. Mchague."

Shemeji aliliona shimo nililomchimbia, akaruka.

"Ndugu balozi, msamehe. Ni mgonjwa, unamwona mwenyewe."

"Mgonjwa?" balozi alisema. "Tawi lile wewe ungelivunja?"

"Ni ajali!"

"Zao la taifa halina ajali."

"Nakuomba kwa niaba ya ukoo. Mjane huyu, hana titi..."

"Halimi kwa titi!"

Hivyo ndivyo nilivyomsikia shemeji, kwa mara ya kwanza maishani, akiniombea msamaha, huku mimi nikiwa magotini nikimwomba balozi kimoyomoyo asinisamehe kabisa. Walibishana mpaka baba mkubwa akagonga ardhi kwa fimbo.

"Mnanichosha. Balozi, adhabu yako imesimama?"

"Imesimama, mzee."

"Basi huyu atalima wiki nzima, kwa jembe, na mikono yote miwili. Mimi sijawahi kuona mgonjwa akihukumiwa jembe. Kwa hiyo si mgonjwa. Na kama si mgonjwa, tumekuja hapa kufanya nini?" Alimgeukia shemeji. "Kibanja ni chake. Na wewe, tawi hili lilivunjika likivutwa kwa neno lako. Utalima naye."

Shemeji alitazama huku na huku kutafuta mtu wa kumwombea msamaha. Hakumpata.

Tulilima mimi na yeye, mistari miwili sambamba, shamba la kijiji chini ya kilima. Nilijipangia: kidogo, pumzika, kidogo, kama muuguzi alivyoniagiza, na mkono haukuvimba. Balozi alikuja kukagua akanikuta nacheka peke yangu.

"Adhabu haichekewi, ndugu mama."

"Samahani, ndugu balozi."

Shemeji alilalamika siku ya pili kwamba bega linamuuma. Nilimwambia apande ukuta.

Siku ya mwisho ya adhabu nilipita kwa baba mkubwa kumshukuru. Nilimkuta jikoni kwa mkewe, anasubiri maharage. Lile tawi lilikuwa limekatwa vipande na limeshaingia motoni, kile chenye tundu kikiwa cha kwanza.

"Umefika na njaa?" aliuliza.

"Nimetoka kulima, tata."

"Basi kaa. Kahawa ni kuni nzuri. Haina moshi."